Sakafu Kwanza, Kabati la Spana Baadaye

Vijana wengi ninaofahamiana nao kwenye gereji za Dar es Salaam hunitumia picha inayofanana. Kabati la spana jekundu, droo saba, magurudumu manne, limepigwa picha mlangoni mwa duka la Kariakoo likiwa bado na nailoni yake. Chini ya picha swali: "Kaka, hili vipi? Au nijichange nichukue lile orijino?" Nami huwajibu kwa swali: gereji yako ina sakafu gani?

Wapo wanaodhani nawakwepa. Siwakwepi. Nimeshika spana tangu nilipotoka VETA Chang'ombe, nikapita mgodini Kanda ya Ziwa, nikafungua kijiwe changu Tabata chini ya mwembe, na sasa nina banda lenye zege ninaloshirikiana na mafundi wenzangu. Kote huko, kilichoamua kabati lipi linafaa hakikuwa jina lililobandikwa mbele yake. Kilikuwa sakafu, paa, na nani anafunga mlango usiku. Mambo ya bei yalikuja baada ya hapo.

Mgodini ndiko nilikoliona kwa mara ya kwanza kabati la bei mbaya. Lilinifika kifuani, la bati nene ambalo ukiligonga kwa kifundo cha kidole halikupi sauti ya debe tupu. Droo ya chini ilijaa soketi za robo tatu inchi na mikono yake, mzigo ambao mwanamume anaunyanyua akiwa amekunja uso. Ukiivuta kwa vidole viwili ilikuja yote, unaona hadi kona ya nyuma, na haikuinama mbele hata kidogo. Ukiisukuma, kipande cha mwisho ilikimaliza yenyewe na kujifunga.

Siku moja nikapewa kazi ya kulisafisha kabati hilo, nikazichomoa droo zote. Ile ya chini ilikuwa na reli mbili kila upande, moja juu ya nyingine, badala ya moja. Ndani ya reli, gololi za chuma zimekaa kwenye vishikizo vyake, hakuna hata moja inayocheza. Bati la ubavuni limekunjwa mara mbili, mkunjo juu ya mkunjo, ndiyo maana halibonyei ukilikandamiza. Nyuma kabisa kuna fito nyembamba ya chuma inayopanda na kushuka: ukifungua droo moja, fito inazifunga nyingine zote, hufungui ya pili mpaka uirudishe ya kwanza. Rangi nayo si ya kupuliza kwa mkono, ni ile ya unga iliyopikwa kwenye oveni, kucha haiingii. Niliporudishia droo zile nilikuwa nimeshaelewa pesa inakwenda wapi: nyingi iko kwenye reli, na inayobaki iko kwenye unene wa bati.

Ila tazama na mazingira yake. Sakafu ya zege iliyopakwa rangi na kufagiliwa kila zamu. Paa lisilovuja. Geti, walinzi, na ukitoka unakaguliwa mpaka mfuko wa chakula. Spana ni za kampuni, kabati ni la kampuni, na stoo kuna mtu mwenye daftari ambaye hakuruhusu kwenda nyumbani mpaka kila soketi imerudi mahali pake, kwa sababu soketi moja ikisahaulika ndani ya injini ya gari la kubeba mawe, hasara yake hakuna fundi anayeweza kuilipa. Kabati hilohilo lingeletwa Tabata wakati ule, masika yangelikuta limezama mchangani hadi kwenye ekseli za magurudumu.

Hapa niseme kidogo kuhusu Marekani, maana vijana wanaoshinda YouTube ndiko wanakoyaonea haya makabati. Binamu yangu ni fundi Texas, ameajiriwa na kampuni inayouza magari. Kule fundi aliyeajiriwa bado anajinunulia spana zake na kabati lake. Akihama kazi, anakodi lile gari la kubeba magari mabovu, linakuja kubeba kabati lake peke yake. Makabati ya Snap-on ndiyo wanayoyaota. Kampuni hiyo ilianza Wisconsin mwaka 1920 kwa wazo jepesi tu: mikono mitano na soketi kumi za kubadilishana, zifanye kazi ya spana hamsini. Leo kabati lao kubwa linapita dola 10,000, na yapo yanayokwenda mbali zaidi ya hapo. Upande wa pili kuna makabati ya U.S. General yanayouzwa na Harbor Freight, maduka ya vifaa vya bei nafuu ya hukohuko, ambayo la ukubwa wa kati unalipata chini ya dola 1,000. Binamu yangu analo hilo, na anasema waliomcheka mwanzoni sasa nao wanalo.

Nilimuuliza hizo dola elfu kumi zinanunua nini hasa. Jibu lake lilinifungua macho. Pamoja na bati, anasema, unanunua gari. Muuzaji ana gari lake lililojaa bidhaa, anapita gereji hadi gereji kila wiki, siku ileile. Anakukopesha kabati, unamlipa kidogokidogo kila anapopita. Reli ikifa, anaileta pale unapofanyia kazi, hukosi hata saa moja ya kazi. Yote hayo yamo ndani ya bei. Sasa wewe ukilinunua kabati hilo, ukalipandisha meli mpaka bandari ya Dar, ukalipia ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake, umelipia huduma ya gari ambalo halitakanyaga Tabata. Bati ni lilelile, reli ni zilezile, lakini sehemu ya thamani yake imebaki ng'ambo.

Nilipotoka mgodini nikaanzia uwanja wa mchanga. Mafundi wanne, mwembe mmoja, kontena la futi 20 tulilochangia kulinunua. Wateja ni teksi na daladala, na Toyota za watu binafsi. Pesa ya kununua kabati la droo nilikuwa nayo, na sikulinunua. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea Buguruni nikamwambia nataka sanduku.

"Geji ngapi, mkuu?"

"Kumi na sita."

"Kumi na sita utalibeba na nani? Watu huwa wanataka ishirini."

"Wewe nichomelee."

Kwa wasiozoea lugha ya bati: namba ya geji ikiwa ndogo, bati ni nene. Geji 16 ni milimita moja na nusu hivi. Shiti nzima ya futi nne kwa nane ya unene huo ina kilo 35. Sanduku langu lilimaliza shiti moja karibu yote: urefu wa mita moja, mfuniko mmoja wenye bawaba tatu, masikio mawili ya nondo pembeni, na chini vipande viwili vya bomba la skwea vya kuburuzia. Gurudumu hata moja halina. Gurudumu la inchi nne ni zuri dukani kwenye vigae; kwenye mchanga linachimba, na ukilazimisha linang'oka na kipande cha bati. Sanduku la kuburuzwa linapita popote, na asubuhi tuliliburuza kutoka kwenye kontena mpaka chini ya gari lililokuwa limelala na jeki.

Kwenye uwanja ule lilikuwa bora kuliko kabati lolote la mgodini, nasema hivyo bila kusita. Mvua ya ghafla ikija unabamiza mfuniko. Gari likirudi nyuma vibaya likaligonga, linabonyea kidogo tu. Mwizi hawezi kulikimbiza.

Tabu yake mnaijua wenyewe mliotumia masanduku ya namna hiyo. Vyote vinakaa kimoja juu ya kingine. Namba 12 unayoitaka imelala chini ya nyundo, chini ya pampu ya grisi, chini ya tambara lenye oili. Msaidizi anainama, anachakura, bosi wa daladala anasimama pembeni akitazama saa, na dakika zinakwenda. Nilimrudia fundi wa Buguruni akanitengenezea treya mbili za kukaa juu, kwa mabaki ya bati, ikapunguza tabu lakini haikuiondoa. Kuchakura ni gharama, na mtu anayelipwa kwa gari linalotoka, si kwa saa, anaihisi mfukoni upesi.

Tulipohamia kwenye banda la sasa, lenye zege na mlango wa chuma, ndipo nikaenda Kariakoo kutafuta kabati la droo la Kichina. Nilikwenda na kipimo cha venia mfukoni. Muuzaji alinitazama kama mtu aliyeleta kiberiti kwenye duka la petroli.

Ninachokifanya dukani ni hiki, na ningependa kila kijana akifanye kabla ya kuuliza bei ya mwisho. Navuta droo ya pili mpaka mwisho wake, naweka kiganja kwenye kona moja ya mbele na kukandamiza. Droo ya maana inashuka kidogo ikiwa sawasawa. Droo ya ovyo inajipinda, kona moja inazama nyingine inapanda, na ukiiachia inarudi na mlio. Kisha naichungulia reli kwa tochi ya simu: nataka kuona gololi, sitaki kuona kigurudumu cha plastiki. Napima bati la ubavuni kwa venia. Lile la kwanza lilisoma milimita 0.6, nikaenda duka la pili, nikapata 0.8. Nafungua droo mbili za juu kwa pamoja nione kama kuna kizuizi. Naligeuza kabati niangalie mgongo: umechomelewa au umeshikwa kwa skrubu sita? Mwisho nainama kutazama magurudumu. Kila gurudumu liwe na pleti yake na bolti nne, na pale pleti inaposhika bati pawe pameongezwa kipande cha pili kwa ndani.

"Bosi unanunua kabati au unaoa?" yule muuzaji aliuliza.

Nikamwambia aniletee lililo kwenye boksi, tulifungue palepale. Tukaanzia laki saba na nusu, tukamalizia laki sita na themanini, na bodaboda ya matairi matatu ikalipeleka Tabata.

Kwenye karatasi yake imeandikwa droo moja inabeba kilo 25. Mimi nililichukulia ni la kilo 15, na hapo ndipo siri ya vitu vya bei nafuu ilipo kwa maoni yangu: vinafanya kazi vizuri mradi usiviamini mpaka mwisho wa maandishi yake. Spana za mkono, soketi za nusu inchi na za robo, bisibisi, plaizi, vyote vikaingia kwenye droo. Nyundo, pula za beringi, jeki ndogo, minyororo na mitaimbo vikabaki kwenye sanduku la geji 16, ambalo liko ukutani mpaka leo likifanya kazi yake. Kwa mpango huo kabati la Kichina limedumu. Reli za droo ya pili zimeanza kucheza, kwa sababu ndiyo inayofunguliwa siku nzima. Nyingine zote ziko kama nilivyozinunua.

Fundi mwenzangu wa banda la jirani alinunua linalofanana nalo kabisa. Yeye akaweka kila alichonacho, na droo ya chini akaijaza pula na nyundo za kilo mbili. Haukupita mwaka, asubuhi moja akaivuta, gololi zikamwagika sakafuni na droo ikabaki mikononi. Nayo si aibu yake. Kabati halina mdomo wa kusema limechoka. Baya zaidi lilikuja baadaye, pale msaidizi wake alipofungua droo tatu za juu kwa pamoja akitafuta namba 17. Kabati halikuwa na fito ya kuzuia. Likainama mbele, likaja zima. Yule dogo aliruka, akapata uvimbe wa kidole cha mguu tu, na soketi tukaziokota mpaka chini ya gari la mteja. Tangu hapo namwambia kila mtu: kama kabati halina kizuizi, lifunge ukutani kwa mnyororo mfupi, au zito lako liwe chini na droo ifunguliwe moja moja. Bei nafuu kwenye reli utaivumilia. Kwenye jambo la kuanguka, hapana.

Kutu ni habari nyingine ambayo wanaoandika kutoka nchi za baridi hawaisemi kama inavyotupata sisi. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, hata Tabata ambako bahari huioni. Kutu inaanzia kwenye mikunjo, pale bati lilipokunjwa na rangi ikapasuka kidogo bila wewe kuona, kisha kwenye tundu la funguo. Kabati la rangi ya kupuliza nililipakia grisi nyembamba kwenye mikunjo yote kabla ya kuweka spana hata moja. Halafu usitandike sponji la godoro ndani ya droo, kama wengi wanavyofanya. Linanyonya unyevu na oili, na spana zinalala ndani ya uji. Nenda Kariakoo kanunue ile mikeka ya kuungaunga ya watoto kuchezea, yenye rangi na herufi. Ile haishiki maji. Unailaza spana juu yake, unaizungushia kalamu, unakata kwa wembe umbo lake, unaigandisha chini kwa gundi. Jioni nafasi ikibaki wazi unaiona ukiwa mlangoni, huhitaji kuhesabu. Hiki nilikitoa mgodini, ambako sponji zake zililetwa zimekatwa kwa mashine; cha kwangu kina herufi A na tembo wa kijani, na kinafanya kazi ileile.

Kuna njia ya tatu ambayo hawa vijana wa picha huwa hawaitaji: used ya Japani. Kwenye makontena yanayoleta injini, magari yaliyokatwa nusu na vipuri, mara mojamoja huchomoza kabati la gereji ya Kijapani iliyofungwa. Ilala ndiko ninakoyaona zaidi. Yamechubuka, yana stika za maandishi usiyoweza kusoma, mara nyingine yana nembo ya KTC, kampuni ya Kyoto iliyoanza mwaka 1950 na ambayo spana zake fundi yeyote wa Toyota anaziheshimu. Nililipata moja la droo sita. Reli zake baada ya miaka yote ile zilikuwa zinateleza kuliko za kabati langu jipya la Kichina. Nililinunua kwa milioni moja na kidogo, na kwa uzito wa bati lake naona nilipewa bure.

Ila used ina masharti yake. Funguo huwa hazipo. Fundi funguo alinitengenezea mpya baada ya kung'oa kitasa kizima. Reli moja ilikuwa imekufa, na reli ya urefu ule haikupatikana. Nikaenda kwa mafundi samani wa Keko, nikachukua reli za gololi za droo za kabati la jikoni, zile za upana wa milimita 45 ambazo kila duka la vifaa vya samani linazo, nikatoboa matundu mapya. Imekaa vizuri. Kabla ya kununua used yoyote nenda na futi, pima kina cha droo. Kama reli ya kawaida ya sentimita 40 au 45 inaingia, tabu yako imekwisha. Kama haiingii, punguza bei au ondoka.

Hizo reli za jikoni ndizo zilizompa wazo yule fundi wa Buguruni. Nilimweleza habari ya reli mbili kila upande niliyoiona mgodini, akanyamaza, akasema nimpe wiki. Alichokitengeneza sikukitarajia. Fremu ya bomba la skwea, ubavu wa geji 18, droo nne tu, kubwa, na za chini zina reli mbili kila upande. Droo zenyewe hakuzichomelea. Bati jembamba ukilichomelea mfululizo linapata moto, linajivuta, droo inatoka na tumbo na haiingii tena kwenye nafasi yake. Kwa hiyo fremu alipiga ponti fupifupi za kuchomelea, akiruka kona hii kwenda ile ili moto usikusanyike upande mmoja, na droo akazipiga riveti. Magurudumu aliweka ya inchi sita, ya mpira, yaliyotoka kwenye mkokoteni wa mizigo wa kiwandani. Ukaguzi wangu wa kiganja lilifaulu kuliko la Kichina. Lilikuwa na bei kubwa kulishinda pia, karibu mara moja na nusu, na rangi yake ya mafuta ilianza kuchubuka mapema. Anayefanya kazi za malori, zenye spana nzito, mimi namwelekeza kwake moja kwa moja.

Nikisikia mtu anabishana kuhusu unene wa bati namkumbusha usiku. Kabati lenye magurudumu mazuri humrahisishia mwizi. Hahitaji kulivunja, analisukuma hadi kwenye pikipiki ya matairi matatu, anakwenda kulivunjia kwao. Kitasa cha kabati, liwe la bei gani, ni cha kumzuia msaidizi mdokozi na mteja mwenye mikono mirefu. Hakimzuii aliyekuja na mtaimbo. Sisi tumepitisha mnyororo nyuma ya makabati yote matatu na kuufunga kwenye nguzo iliyozikwa kwenye zege. Wenye uwanja wa wazi, kontena ndilo kabati lenu la kweli. Mengine yote ni masanduku ya ndani ya kabati.

Kuna kitu kinanikera kidogo, kuona kabati la milioni limejaa spana za elfu mbili. Gari nyingi tunazopokea ni za Kijapani: 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za tairi. Ukiwa na hizo sita za ubora wa juu, soketi na spana, unafanya sehemu kubwa ya kazi ya siku. Wa magari ya Ulaya aongeze 13, 16 na 18. Soketi mbovu ya namba 10 inaua kichwa cha bolti, na bolti iliyouawa kichwa inakula asubuhi nzima, wakati droo inayokwama inakula sekunde mbili na tusi dogo. Mimi kabati sipendi lizidi robo ya thamani ya vilivyomo ndani yake. Kama linazidi, nunua spana kwanza, kabati lisubiri.

Wapo wanaostahili la bei mbaya, nisionekane nawapinga. Gereji ya kampuni yenye mafundi wa zamu wanaopokezana kabati moja mchana na usiku. Reli ya bei nafuu hapo haimalizi mwaka. Karakana za ndege, ambako spana iliyopotea inasimamisha safari. Migodi. Na fundi aliyefika umri wa kutaka kitu kizuri kwa pesa yake mwenyewe, huyo naye ana haki yake, simuulizi hesabu. Kuna na hoja ya wateja, ambayo siwezi kuikataa: mwenye Prado akiingia akaona kabati limepangwa, droo zinateleza, spana zimekaa kwenye umbo lake, hashindani sana kuhusu bei ya ufundi. Nimeliona hilo tangu tuhamie hapa. Kwa hilo, la Kichina lililopangwa linatosha kabisa. Mteja hajui kupima geji.

Kuhusu ile habari ya kulipa kidogokidogo kila wiki, sisi gari la muuzaji hatuna, ila tuna mchezo. Mafundi wanane wa bandani kwetu na jirani, kila Jumamosi mtu anatoa fungu lake, mmoja anapokea. Tuliwekeana sharti kwamba pesa ya mchezo huu ni ya vifaa tu, na ukipokea unaonyesha ulichonunua. La Japani nililinunua kwa zamu yangu. Jirani aliyemwagikiwa na gololi akaenda Buguruni akachomelewa la droo nne. Zamu inayofuata ni ya fundi umeme, na yeye ameshasema hataki droo hata moja: anabeba vitu vyake kwenye begi la mgongoni, na pesa yote anaimalizia kwenye mashine ya kusomea kompyuta za magari.